Advaita na fizikia ya kwanta: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ukurasa huu ni kwa msomaji aliyesikia kwamba "sayansi imethibitisha Vedanta", falsafa ya kale ya Kihindu ambayo Advaita ni tawi lake, na angependa kujua limebaki nini dai hilo likipekuliwa. Ulinganifu kati ya Advaita na fizikia ya kwanta, inayoeleza mwenendo wa vitu vidogo sana kama elektroni, upo, tena una historia ya kuvutia. Tatizo ni kwamba ule unaotajwa zaidi ndio dhaifu zaidi, na udhaifu wake uko pande zote mbili, ya fizikia na ya Advaita yenyewe.

Advaita inafundisha nini hasa?

Ni mojawapo ya mapokeo ya Vedanta, falsafa inayojengwa juu ya Upanishad, sehemu ya mwisho ya Veda, maandiko matakatifu ya kale ya Wahindu. Inasema uhalisia ni mmoja tu, Brahman, na kwamba nafsi ya ndani kabisa ya mtu, Atman, si kipande cha Brahman wala kiumbe chake, bali ndiyo Brahman yenyewe. Chandogya Upanishad, sura ya 6, inauita uhalisia huo "mmoja tu, bila wa pili", kisha baba anamrudia mwanawe Shvetaketu mara 9 kwamba "wewe ndiwe hicho".

Aliyeipanga hoja hii kwa ukamilifu ni Shankara, ambaye wanazuoni wengi humweka karne ya 8, na mapokeo husema alizaliwa Kaladi, Kerala. Mfano unaotumika kila mara ni wa kamba na nyoka: gizani mtu anaona nyoka, anashtuka, anakimbia; taa ikiletwa, hakuna nyoka aliyekufa wala aliyetoroka. Ilikuwa kamba tangu mwanzo. Ulimwengu wa vitu vingi unasimama juu ya Brahman namna hiyo. Si uongo mtupu kama pembe za sungura, wala si uhalisia unaojitegemea. Hali hiyo ya katikati ndiyo inayoitwa maya.

Kwa hiyo Wahindu wote wanaamini hivyo?

Hapana, na kosa hili huvuruga mjadala mapema. Ramanuja, wa karne za 11 na 12, alipinga vikali: kwake roho na ulimwengu ni halisi na ni mwili wa Mungu. Madhva wa karne ya 13 alikwenda mbali zaidi na kufundisha kwamba Mungu na roho ni wawili milele. Msomaji wa Nairobi, Mombasa au Dar es Salaam anayepita karibu na hekalu la Swaminarayan yuko karibu na mapokeo ya ibada yanayotambua mambo matano ya milele, si moja. Anayeandika "Uhindu unasema kila kitu ni kimoja" amewanyamazisha waumini wengi kwa sentensi moja.

Nani alianza kulinganisha mambo haya mawili?

Jina linalostahili kutajwa kwanza ni Erwin Schrödinger, mwanafizikia wa Austria na mmoja wa waasisi wa fizikia ya kwanta. Baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia alizama katika maandishi ya mwanafalsafa Mjerumani Arthur Schopenhauer, na kupitia kwake akaingia katika Vedanta. Njia yenyewe ni ya ajabu. Schopenhauer alisoma Upanishad kwa Kilatini, katika tafsiri ya Mfaransa Anquetil-Duperron iliyochapishwa 1801 na 1802. Anquetil-Duperron naye hakutafsiri kutoka Kisanskriti bali Kiajemi, na Kiajemi hicho kilikamilishwa 1657 chini ya Dara Shikoh, mwana wa mfalme Mwislamu wa Dola ya Mughal. Kwa hiyo wazo la Wabrahmini wa kale lilifika Vienna kwa mkono wa mwanamfalme aliyependa Usufi.

Majira ya vuli ya 1925 Schrödinger aliandika insha ya falsafa iliyojaa Vedanta, ambayo haikuchapishwa mpaka 1961. Miezi michache baadaye, mwanzoni mwa 1926, akatoa mlinganyo wake maarufu, unaoeleza jinsi mawimbi ya kwanta yanavyobadilika. Ukaribu wa tarehe umewafanya wengi waseme mlinganyo ulitoka katika Upanishad. Haukutoka huko. Ukisoma makala zake za 1926 unakuta mawimbi ya maada ya Louis de Broglie na ulinganifu kati ya mwanga na mwendo ulioanzishwa na Hamilton karne ya 19. Vedanta haimo.

Lililo muhimu zaidi ni hili: Schrödinger mwenyewe alikataa kwamba fizikia ya kwanta imevunja ukuta kati ya mtazamaji na kinachotazamwa. Katika mihadhara yake ya 1956 alieleza kwamba ukuta huo haukuwahi kuwapo, kwa hiyo hauwezi kusemwa umevunjwa na majaribio mapya. Yaani aliishikilia Advaita kwa sababu za kifalsafa, na hakutaka fizikia itumike kama shahidi wake. Wanaomnukuu leo huliruka jambo hilo.

Na Oppenheimer? Bohr? Tesla?

J. Robert Oppenheimer, mwanafizikia aliyeongoza utengenezaji wa bomu la atomiki la Marekani, alijifunza Kisanskriti kwa Arthur Ryder huko Berkeley miaka ya 1930 na kuisoma Bhagavad Gita, andiko takatifu la Wahindu, kwa lugha yake ya asili. Maneno yake maarufu kutoka Gita, "sasa nimekuwa Kifo, mwangamizi wa ulimwengu", aliyasema mbele ya kamera katika kipindi cha 1965, akikumbuka jaribio la bomu la 16 Julai 1945. Aya yenyewe, 11:32, inatumia neno kala, ambalo tafsiri nyingi hulitoa kama "wakati". Kilichomshughulisha ni wajibu na vita, si umoja wa Atman na Brahman.

Niels Bohr, mwasisi mwingine wa fizikia ya kwanta, alichagua alama ya yin na yang kwa nembo yake ya 1947. Hiyo ni China. Mvumbuzi Nikola Tesla alikutana na Swami Vivekananda, mtawa aliyeeneza Vedanta Magharibi, huko New York mwaka 1896, miaka 4 kabla Max Planck hajatoa wazo la kwanta, kwa hiyo mazungumzo yao hayawezi kuwa ushahidi wa chochote hapa.

Nimeambiwa elektroni hubadili tabia ikitazamwa na fahamu za mtu. Ni kweli?

Hapa ndipo mengi huharibikia, basi twende polepole.

Rusha elektroni moja moja kuelekea nyufa mbili nyembamba. Mamia ya kwanza hutua kwenye kioo kama nukta zilizotawanyika ovyo. Zikifika makumi ya maelfu, michirizi ya wimbi inajitokeza waziwazi. Timu ya Akira Tonomura huko Japani iliichapisha picha hiyo ya hatua kwa hatua mwaka 1989, ikitumia kifaa cha umeme badala ya nyufa halisi. Ukiweka kitambuzi kinachoonyesha elektroni imepita upande gani, michirizi hupotea. Mpaka hapo hakuna ubishi.

Ubishi unaanzia kwenye neno "kutazama". Maabarani neno hilo halina maana ya jicho wala akili. Lina maana ya chembe kugusana na kitu kingine kwa namna inayoacha alama ya mahali ilipokuwa. Jaribio la Vienna lililochapishwa 2004 linaonyesha hili vizuri. Molekuli za kaboni C70 zilipashwa joto kwa leza kabla ya kupita kwenye nyavu zenye nyufa nyembamba. Kadiri zilivyozidi kuwa za moto, ndivyo zilivyotoa fotoni (chembe za mwanga) zao zenyewe njiani, na kila fotoni iliondoka na taarifa kidogo kuhusu mahali molekuli ilipo. Michirizi ikafifia taratibu, na kwenye joto la karibu Kelvini 3000 ikawa imekwisha. Hakuna mtu aliyezikusanya fotoni zile. Kuwapo kwa alama kulitosha.

Ni kweli kwamba mwanafizikia Eugene Wigner, mwaka 1961, alitetea wazo kwamba fahamu ndizo zinazokamilisha kipimo, akiendeleza uchambuzi ambao John von Neumann aliutoa 1932. Wengi humtaja Wigner wa 1961 na kuishia hapo. Baadaye aliliacha wazo hilo, kwa sehemu kutokana na kazi ya H. Dieter Zeh, aliyeonyesha kuanzia 1970 jinsi mazingira yanavyofuta michirizi bila msaada wa akili yoyote.

Sasa geukia upande wa pili, ambao ndio unaosahaulika. Hata kama fahamu zingeporomosha wimbi, yaani kuligeuza kuwa tokeo moja dhahiri, jambo hilo lingekuwa tatizo kwa Advaita, si ushindi wake. Shahidi wa ndani, sakshi, kwa mafundisho ya Shankara si mtendaji. Hasukumi, habadilishi, hachagui. Kinachofikiri, kukusudia na kutamani ni antahkarana, chombo cha ndani cha akili, na Advaita inakihesabu kuwa maada laini isiyo na nuru yake yenyewe, kitu kinachoonwa na shahidi. Anayesema "nia yako huumba uhalisia kwa sheria za kwanta" ameongeza nguvu ya uongo katika fizikia, kisha amemvisha Atman kazi ambayo Shankara alitumia kurasa nyingi kumvua.

Mfungamano wa kwanta unathibitisha kwamba vyote ni kimoja?

Mfungamano, yaani chembe mbili au zaidi kushiriki hali moja hata zikiwa mbalimbali, ni jambo la kweli na la kushangaza. Mwaka 1964 mwanafizikia John Bell alionyesha kwamba, chembe zikiwa na majibu yao tayari na zikiathiriwa na mambo ya karibu tu, kulingana kwa matokeo ya vipimo vyake kuna mpaka. Katika toleo linalotumika zaidi maabara, mpaka huo ni 2, ilhali hesabu za kwanta zinaruhusu hadi 2.83 hivi. Jaribio la Delft, Uholanzi, la 2015, lililotumia elektroni zilizotenganishwa kwa kilomita 1.3, lilipata 2.42, juu ya mpaka huo. Alain Aspect, John Clauser na Anton Zeilinger walipewa Tuzo ya Nobel ya 2022 kwa kazi ya aina hii.

Na hapa kuna ulinganifu wenye uzito. Hali ya jozi iliyofungamana haiwezi kuandikwa kama hali ya chembe ya kwanza pamoja na hali ya chembe ya pili. Kwa mfungamano kamili, unajua yote yanayojulikana kuhusu jozi na hujui lolote kuhusu kila mmoja peke yake. Anayekataa kwamba sehemu hutangulia kitu kizima ana la kuokota hapo.

Lakini mengi yanazuia kuruka kutoka hapo hadi Brahman. Mfungamano una wivu: chembe A ikifungamana kikamilifu na B, haiwezi kufungamana na C hata kidogo. Kwa hiyo "kila kitu kimefungamana na kila kitu" kwa nguvu ile ile ni jambo lililokatazwa kihesabu. Tena, huwezi kutuma ujumbe kwa mfungamano. Anayedai kupeleka "mitetemo" kwa jamaa yake aliye ng'ambo kwa njia hiyo anapingana na hesabu zile zile anazozitaja. Na kubwa kuliko yote, mfungamano unahitaji angalau wawili. Brahman ya Advaita haina sehemu zinazoweza kuunganishwa. Mtandao wa vitu vinavyotegemeana uko karibu zaidi na mafundisho fulani ya Kibudha kuliko na Shankara.

Maya ni sawa na kusema kwamba atomu karibu yote ni tupu?

Hapana. Kiini cha atomu ni kidogo kuliko atomu kwa mara makumi ya maelfu, hilo ni sahihi, lakini nafasi iliyobaki imejazwa na wimbi la elektroni. Meza inakuzuia kwa sababu za kimwili kabisa: msukumano wa umeme pamoja na kanuni ya Pauli inayokataza elektroni mbili kushika hali moja. Meza ya mwanafizikia ni ngumu kama ya seremala.

Maya haihusu ukubwa wa nafasi ndani ya vitu. Ulimwengu ungekuwa umeshindiliwa bila upenyo, Shankara angesema vilevile. Tena katika ufafanuzi wake wa Brahma Sutra, andiko la msingi la Vedanta, 2.2.28, anawashambulia Wabudha waliodai kwamba vitu vya nje havipo ila mawazo tu. Anasema nguzo na ukuta huonwa kama vitu, si kama fikra. Anayemgeuza Shankara kuwa mtu wa "yote yako kichwani mwako" hajamsoma.

Brahman ni uwanja wa kwanta, au nishati ya ombwe (nafasi tupu)?

Uwanja wa kwanta, kitu kilichoenea kila mahali ambacho chembe ni mitetemo yake, hubadilika na muda, una sifa zinazopimika na upo wa aina nyingi: wa elektroni, wa fotoni, wa kwaki (chembe zinazounda protoni). Brahman ya Shankara haibadiliki, haina sifa wala aina. Ukiitaja nishati kwa Jouli, umeshaiweka upande wa vitu vinavyojulikana, si upande wa anayejua.

Kanuni ya Heisenberg ya kutokuwa na uhakika inafanana na "neti neti"?

"Si hiki, si hiki" ya Brihadaranyaka Upanishad inakanusha kila sifa. Heisenberg, 1927, anafanya kinyume: anatoa namba. Kutokuwa na uhakika wa mahali kukizidishwa na kule kwa kasi-tungamo (tungamo mara kasi) hakushuki chini ya 5.27 × 10⁻³⁵ Jouli-sekunde. Ukiibana elektroni ndani ya upana wa atomu moja, 10⁻¹⁰ m, kasi yake haina uhakika kwa kiasi cha kilomita 580 kwa sekunde. Mpira wa gramu 150 uliobanwa ndani ya maikromita 1 una utata wa 3.5 × 10⁻²⁸ m kwa sekunde, ambao hakuna kifaa kitakachowahi kuuona. Ndiyo maana mpira wa kriketi haupotei hewani.

Je, watunzi wa Upanishad waliijua kwanta?

Hakuna mlinganyo, kipimo wala utabiri wa namna hiyo katika Upanishad. India ya kale ilikuwa na nadharia ya atomu, ya shule ya Vaisheshika inayohusishwa na mwanafalsafa aitwaye Kanada, lakini Advaita iliipinga: Shankara anauliza chembe isiyo na sehemu inagusanaje na nyingine. Mchango mkubwa wa India katika kwanta una tarehe na jina: Satyendra Nath Bose, 1924, aliyehesabu upya fotoni na kuacha jina lake kwenye chembe za boson.

Na sanamu ya mungu Shiva iliyoko CERN, maabara ya fizikia ya chembe karibu na Geneva?

Ni zawadi ya serikali ya India ya 2004, yenye urefu wa mita 2. Inaonyesha Nataraja, Shiva akicheza ngoma, taswira iliyokomaa katika ibada ya Shiva ya Watamil, yenye falsafa yake ambayo kwa sehemu kubwa si Advaita. Sanamu ni heshima ya kidiplomasia kwa ushirikiano wa kisayansi.

Kuna ulinganifu gani unaosimama, basi?

Tunauona mmoja wenye nguvu, na si wa maabara. Schrödinger alisema kwamba fahamu huonjwa kwa umoja daima. Hakuna aliyewahi kuonja fahamu mbili kwa pamoja. Tunadhani kuna akili nyingi zinazotazama ulimwengu mmoja, na hatuwezi kueleza zinakutana vipi. Jibu la Upanishad, kwamba wingi huo ni wa mwonekano, aliliona kuwa jepesi kuliko mengine. Hoja hiyo unaweza kuikubali au kuikataa bila kugusa mlinganyo wowote.

Wa pili ni nusu nusu. Advaita hutofautisha ngazi ya matumizi ya kila siku, vyavaharika, na ngazi ya mwisho, paramarthika. Fizikia nayo inaeleza jinsi ulimwengu wa meza na mawe unavyotokea kutoka hali za kwanta. Tofauti ni kwamba fizikia inaieleza meza na kuiacha ibaki, ilhali taa ya Advaita ikiwaka, nyoka hufutika.

Umoja huu ni sawa na tauhidi?

Tauhidi inamtenganisha Muumba na viumbe. Advaita inasema mtengano huo haufiki ngazi ya mwisho. Mapokeo ya Ibn Arabi (1165–1240) kuhusu umoja wa kuwapo yako karibu zaidi, na ndiyo sababu Dara Shikoh alivutwa na Upanishad. Yamebishaniwa na maulamaa kwa karne nyingi, na fizikia haiwezi kuwaamua.

Nitaitambuaje kozi ya "uponyaji wa kwanta" isiyo na maana?

Futa neno "kwanta" katika tangazo lao. Kama maana haikubadilika, neno lilikuwa pambo la bei. Kisha uliza: ni chembe gani, ngapi, kwenye joto gani, kwa muda gani? Kompyuta za kwanta za saketi zisizo na ukinzani huwekwa kwenye baridi ya sehemu chache za mia za Kelvini ili hali zake zidumu. Ubongo uko kwenye Kelvini 310, na makadirio ya Max Tegmark ya 2000 yaliipa hali ya kwanta ndani ya neva muda usiozidi sekunde 10⁻¹³. Wakikuambia uache dawa, ondoka.

Naweza kujionea wimbi la mwanga nyumbani?

Ndiyo, kwa kalamu ya leza nyekundu isiyozidi milliwati 5 na unywele mmoja.

1. Toboa tundu la sentimita 1 kwenye kipande cha boksi, unyooshe unywele katikati yake na kuubana kwa selotepu pande zote mbili. Wa kipilipili unafaa, ila uvute mpaka unyooke kabisa.
2. Laza leza juu ya vitabu, ubane swichi yake kwa kibanio cha nguo. Usiishike mkononi, mtikisiko hufuta michirizi.
3. Elekeza miale ipige unywele, na ukuta uwe mita 3 mbele. Zima taa. Macho yasiwe kwenye usawa wa miale, na ondoa vioo.
4. Pima umbali kati ya mapengo meusi yanayofuatana upande mmoja wa doa la kati.

Unene wa unywele ni urefu wa wimbi mara umbali wa ukuta, gawanya kwa umbali ulioupima kati ya mapengo. Kwa wimbi la nanomita 650, ukuta wa mita 3 na umbali wa sentimita 2.8 kati ya mapengo, unywele una maikromita 70. Ukiona doa moja tu, miale imepita kando ya unywele. Kumbuka kwamba hapa umeonyesha mwanga ni wimbi, jambo lililojulikana tangu Thomas Young, mwanzoni mwa karne ya 19. Ukwanta huonekana fotoni zikipita moja moja, na hilo linahitaji maabara.

Nikitaka kusoma kwa dhati, nianzie wapi?

Kwa fizikia: namba changamano, vekta na matriki za 2 × 2, halafu mfumo wa hali mbili kabla ya mlinganyo wa Schrödinger. Wanaoanza na paka wa Schrödinger, mfano maarufu wa paka aliye hai na mfu kwa pamoja, hubaki na paka tu. Kwa Advaita, katika Upanishad: Katha na Kena kwanza, kisha Chandogya sura ya 6, na Mandukya mwishoni, ina aya 12 tu, lakini bila ufafanuzi inateleza mkononi. Mapokeo yenyewe yanadai hatua tatu, kusikiliza kwa mwalimu, kupima hoja mpaka shaka iishe, na kutafakari kwa kina, na yanataka mwanafunzi awe ameshapunguza tamaa kabla ya kuanza. Soma kila upande kwa muda wake, na ulinganishe baada ya kuweza kueleza kila mmoja bila kutumia maneno ya mwingine.